Shingo ya Gitaa la Sindano

Baba mkubwa wangu ni fundi cherehani, na wapiga besi wote wakongwe wa mtaa wetu, yaani watu wawili ukimtoa yeye mwenyewe, humwita Sindano. Mgeni akisikia hudhani jina limetokana na kazi yake. Sivyo. Limetokana na aibu. Mwaka wa themanini, akiwa kijana mwenye nywele nyingi kuliko akili (maneno hayo ni ya Dereva, si yangu), alijidunga sindano ya cherehani kwenye kidole cha mkono wa kushoto, akakaa miezi minane bila kushika gitaa. Bendi yake ikatafuta mtu wa kumshikia nafasi, ikampata utingo mmoja wa lori aliyekuwa akijifunza besi kwa gitaa la kuazima. Utingo huyo ndiye Dereva wa leo, mzee mwenye tumbo la heshima, aliyestaafu lori lakini hajastaafu utani.

"Fundi mzima anajishona!" Dereva husema kila Jumamosi, kama mtu anayefungua kikao. "Hebu niambie, Sindano, ulitaka kujitia kifungo au zipu?"

Baba mkubwa hucheka kidogo, akaendelea kupiga pasi mkunjo wa suruali. Sikuwahi kumsikia akijibu.

Kikao chao hufanyika baada ya chakula cha mchana katika chumba cha mbele, ambacho ndicho kiwanda chake: cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa, na suti za watu zimening'inia ukutani kama wajumbe wasiolipwa posho. Nyuma ya pazia kuna chumba ambamo mama mkubwa hukaa akitoboa vitundu vya vifungo. Pazia ni jepesi. Yeye husikia yote na hukohoa pale panapostahili.

Mtu angetegemea kwamba wapiga besi watatu wakikutana watapiga muziki. Hupiga, ndiyo, lakini besi tatu bila gitaa jingine lolote hutoa sauti kama malori matatu yanayopanda mlima, na jirani mwenye mtoto mchanga alikuja kusema hivyo kwa adabu sana. Kwa hiyo muda mwingi huwa wanabishana kuhusu umri wa magitaa.

Ubishi huo una kanuni zake. Mwenye kanuni ni Fundi Redio, mtu mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba, ambaye huamini kitu pale tu anapokuwa amekifungua. Yeye ndiye aliyewafundisha wenzake kwamba viwanda vingi vya zamani viliandika tarehe kwa penseli au kwa muhuri chini ya shingo ya gitaa, mahali ambapo shingo hukutana na mwili, ambapo hapaonekani mpaka ufungue skrubu nne. Basi wakapitisha sheria: umri wa gitaa ni ule ulioandikwa chini ya shingo, mengine yote ni hadithi.

Matokeo huandikwa kwenye daftari. Mwandishi ni mimi, kwa sababu nina shahada ya historia ambayo, kama Dereva anavyopenda kusema, "bado inatafuta mchumba." Mimi sikasiriki. Kwa kweli naona njia yao ya kuchunguza mambo ya kale inashinda baadhi ya nilizosomeshwa, na nimewahi kuwaambia hivyo kwa maneno marefu, wakanisikiliza kwa upole mpaka nikamaliza, kisha wakaendelea.

Gitaa la Dereva, alilolisifu miaka yote kuwa ni la mwaka wa sabini na moja, lilipofunguliwa lilikutwa la themanini na nne. Alikaa wiki mbili bila kuja, kama mtu aliyefiwa. La Fundi Redio lenyewe halikuwa na tarehe yoyote, nasi tukaandika: "Ni mzee, ila hana cheti." Mstari wa tatu wa daftari, wa gitaa la baba mkubwa, ulibaki mtupu. Kila alipoombwa alikuwa na udhuru. Leo skrubu zina kutu, wiki ijayo ana harusi ya watu ya kushonea, siku nyingine alisema tu kwamba gitaa halijisikii vizuri.

Wakati huohuo hakuna gitaa lililokuwa na hadithi kubwa kuliko lake. Alilinunua mwaka wa sabini na tano. Kwa gitaa hilohilo alipiga dansi la mwaka wa sabini na saba katika ukumbi wa halmashauri, na msichana mmoja mwenye gauni la njano alisimama mbele ya spika yake wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Mwaka uliofuata akamwoa.

"Nilisimama pale kwa sababu feni ilikuwa pale," sauti hutoka nyuma ya pazia kila hadithi inapofika hapo.

"Feni ilikuwa mbovu!" baba mkubwa hujibu, na hapo tu ndipo hupandisha sauti siku hiyo nzima.

Dansi hilo ndilo fahari ya maisha yake. Aliwahi kumshonea meya suti na hajaitaja hata mara mbili, lakini dansi hilo tumelisikia mpaka tunaweza kulipiga wenyewe.

Sasa, mwaka huu vidole vyake vilianza kumsaliti. Shingo ya gitaa ilikuwa imeinuka pembe kidogo, nyuzi zikakaa juu mno, na vidole vya miaka sabini havina nguvu ya kuzikandamiza. Jumamosi tatu mfululizo alikaa akisikiliza wenzake, gitaa limelazwa mapajani kama mtoto mgonjwa. Jumamosi ya tatu niliona macho yake, nikageuza uso.

Fundi Redio alitoa hukumu. "Dawa ni ndogo sana. Tunaingiza kipande chembamba kwenye kiungo, shingo inarudi nyuma, nyuzi zinashuka. Dakika kumi. Lakini lazima tuifungue."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Uuze gitaa, ununue filimbi."

Baba mkubwa alilitazama gitaa, akatazama pazia, akatazama tena gitaa. Nyuma ya pazia kulikuwa kimya. Mama mkubwa alikuwa ametoka kumpelekea mteja gauni. "Fungua," alisema. "Lakini ufunge upesi, usisomesome."

Kumwambia Fundi Redio afungue kitu bila kusoma ni kumwambia kuku apite kwenye mtama akiwa amefumba macho. Skrubu nne zilitoka zikilia. Akainua shingo, akaigeuza kuelekea dirishani, akapandisha miwani. Kisha akanipa mimi nisome. Muhuri wa wino wa bluu, safi kana kwamba uligongwa jana: Mei 1979.

Nilisoma kwa sauti kabla ya kufikiri. Nimesoma miaka mitatu kuhusu ushahidi, lakini sikufundishwa mahali pa kunyamaza.

Dereva alihesabu kwa vidole, akahesabu tena ili afaidi. "Sabini na tisa! Na dansi lilikuwa sabini na saba! Yaani Sindano, ulimposa shemeji yetu kwa gitaa ambalo bado lilikuwa mti, limesimama msituni, lina ndege juu yake!"

"Sheria ni sheria," alisema Fundi Redio, akikwepa kumtazama.

"Na mimi mlininyanyasa kwa miaka kumi na mitatu tu niliyojiongezea! Njia ya mwongo ni fupi, bwana. Labda hata shemeji alimpata kwa barua!"

Walikuwa wakicheka, na kicheko hakikuwa kibaya. Wangecheka vivyo hivyo wao kwa wao. Lakini baba mkubwa hakucheka hata kidogo. Alikuwa ameshika chaki ya kushonea, akiisugua kwa dole gumba mpaka unga ukamwagika kwenye suruali yake. Alijua kwamba kuanzia siku hiyo, kila atakapotaja dansi lile, kutakuwa na ndege juu ya mti.

"Gitaa ni lile lile," alisema polepole.

"Basi tueleze," alisema Dereva.

"Siwezi kueleza. Ni lile lile."

"Tufungue na tumbo lake," nilisema, maana nilianza kujisikia vibaya. "Huenda kuna alama nyingine."

"Hapana. Andika sabini na tisa, mwanangu. Andika yaishe."

Niliandika "1979". Mkono wangu ulikuwa bado kwenye tarakimu ya mwisho wakati mama mkubwa alipoingia kutoka barabarani, mkoba begani, akaiona shingo mezani na mwili wa gitaa peke yake kwenye kiti.

"Nani kafa?" aliuliza.

"Dansi, shemeji," alisema Dereva. "Dansi lako limekufa. Gitaa limezaliwa sabini na tisa."

Alimgeukia mumewe. "Na wewe umewaambia nini?"

"Sikuwaambia kitu."

"Kitu chochote?"

"Ulisema nisiseme."

Mama mkubwa aliweka mkoba chini, akavuta kigoda, akakaa. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kucheka na kulia, naye hana muda wa vyote viwili. "Fundi Redio," alisema, "hiyo shingo ni mpya. Ile ya kwanza niliivunja mimi."

Dereva alifungua mdomo. Halikutoka neno, ninaliandika hili kwa kuwa ni tukio la kihistoria.

Akatusimulia. Mwaka wa themanini walikuwa wakiishi kwa bibi, mama yake baba mkubwa, mwanamke aliyehesabu vijiko kila jioni. Bi harusi alikuwa ameshavunja birika, kisha chemni ya taa. Bibi akatangaza kwamba kitu cha tatu kikivunjika, mkwe atarudi kwao akajifunze kushika vitu. Wiki hiyohiyo panya akatokea chumbani, mnene, hana haraka. Fagio lilikuwa nje. Gitaa lilikuwa karibu.

"Nililishika kwa shingo," alisema, na mikono yake ikaonyesha, "nikalipandisha hivi."

"Shemeji! Ulimpiga panya kwa besi?"

"Nilipiga sakafu. Panya alipita."

Shingo ilikatika karibu na kichwa. Mumewe aliporudi alimkuta amekaa kitandani, gitaa limefunikwa shuka kama maiti. Mke akamwomba asimwambie mtu, naye akaapa. Akalificha gitaa chini ya vitambaa, akajifunga bendeji kwenye kidole, akawaambia bibi na bendi kwamba amejidunga sindano. Ilichukua miezi minane kupata shingo nyingine, kutoka kwa gitaa lililoungua mwili katika mji wa mbali.

Fundi Redio hakungoja kuombwa. Alifungua kibao cha mbele, akakigeuza kidude cha kupandishia sauti, akafuta vumbi mgongoni mwa kidude hicho kwa mate. Tarakimu saba zilikuwa zimegongwa kwenye bati. Tatu za kwanza, alisema, ni za mtengenezaji. Mbili zinazofuata ni mwaka. "Sabini na nne. Na lehemu hii haijaguswa tangu kiwandani." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

"Kwa hiyo," alisema Dereva, akikuna shavu, "hakukuwa na sindano."

"Hakukuwa."

"Miaka arobaini na tano nimekucheka kwa sindano isiyokuwepo. Na mimi nafasi yangu jukwaani nilipewa na panya." Akafikiri. "Nilisema njia ya mwongo ni fupi. Hii yako, bwana, ina vituo vya mafuta."

Mama mkubwa alikuwa bado anamtazama mumewe. "Mama amefariki mwaka wa kumi na moja huu. Ungeshasema zamani. Angenirudisha nani tena?"

"Ulisema nisiseme," baba mkubwa alijibu. "Hukusema mpaka lini."

Aliinuka, akakata kipande cha kitambaa kigumu cha kola, upana wa vidole viwili, akampa Fundi Redio. Kiliingia kwenye kiungo kana kwamba kilipimwa. Skrubu zikarudi. Alipoushika uzi wa kwanza ulishuka chini ya kidole bila ugomvi, na akapiga mwanzo wa wimbo wa dansi lile, taratibu, akikosea mahali palepale ambapo, kwa maelezo ya mkewe, alikosea pia mwaka wa sabini na saba.

"Uliyasikia makosa yangu?" aliuliza bila kuinua kichwa. "Si ulikuwa unapigwa upepo wa feni?"

Mama mkubwa alikohoa, akaingia nyuma ya pazia.

Nikafuta nilichoandika. Baada ya mjadala mrefu sheria ilirekebishwa, na mstari wa tatu wa daftari sasa unasomeka hivi: Mwili, 1974. Shingo, 1979. Sababu ya kubadilishwa: panya. Dereva alidai tuongeze kwamba panya alinusurika, nasi tukaongeza.