Mitungi Mitatu Nyuma ya Maktaba

Kiangazi kile watu walichoma nyasi mpaka majivu yakawa yanatua juu ya meza zangu za kusomea. Nilikuwa mkutubi mgeni Kasulu, nimehamishwa kutoka Tanga. Maktaba ilikuwa chumba kimoja tu, lakini kabati la nyuma lilitunza kamusi ya Kiha iliyoandikwa kwa mkono na mwalimu mstaafu wa Kibondo. Nakala ya pili haikuwepo.

Wilaya ilinikubalia vizima moto viwili, ila nichague aina. Mwenye duka mmoja, mzee wa Bagamoyo aliyelowea pale, akaniletea mitungi mitatu ya kujaribia: wa maji, wa unga na wa gesi. Mwalimu aliposikia kwamba tutaijaribu kwa kuchoma magazeti ya zamani, akapanda basi akaja na bahasha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Usichome magazeti. Choma hizi kurasa nilizokosea. Nataka kuona wino wangu utafanywa nini."

Tukaziwasha ndani ya debe, nyuma ya jengo. Maji yaliua moto mara moja, lakini wino ukachuruzika wote. Mwalimu akageuka pembeni, hakutaka kutazama.

Tulipofika kwenye unga, upepo ukageuka. Mwenye duka akawa mweupe kuanzia kofia mpaka ndevu, kama mtu aliyelala kwenye mashine ya kusaga mahindi. Alipiga chafya mfululizo, na akina mama waliokuwa wakipita kwenda sokoni wakatua vikapu wapate kucheka vizuri. Maandishi yalisomeka, lakini unga ulikuwa umeganda kila mahali.

Gesi ilivuma kwa kishindo, nikaruka nyuma. Moto ukatoweka. Tukapiga makofi, kumbe mapema. Kaa dogo likawaka tena pembeni, nikalipulizia gesi mara ya pili mpaka likafa. Mwalimu akaokota ukurasa mkavu, akasoma neno la Kiha kwa sauti, akatabasamu.

"Mtungi huu wa gesi ukae karibu na kabati langu," akasema.

"Na wa maji mlangoni," nikasema, "kwa ajili ya paa na viti."

Mwenye duka, akijikung'uta, aliahidi kuagiza yote miwili. Tukaingia ndani kunywa chai. Hapo wazee wale wakaanza kubishana kizima moto kiitwe nini kwa Kiha, na mwalimu akaniomba kalamu.