Mpigapicha aliyefuta nyumba ya watu bondeni, kisha akairudisha

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi. Ukungu bado umelala bondeni. Mwanamke aliyevaa koti la mvua na viatu vya mpira amechuchumaa nyuma ya kamera iliyosimamishwa kwa miguu mitatu. Nusu saa nzima hajabonyeza kitu. Mikono ameificha kwapani kwa baridi, na macho ameyakaza kwenye wingu moja jembamba lililoziba jua.

"Ngoja kidogo," anamwambia mwandishi wa makala haya, ambaye ameanza kukanyagakanyaga chini apate joto. "Linapita hilo."

Neno hilo ndilo lililompa jina. Majirani na wateja wote wanamwita Bi Ngoja. Mumewe, fundi redio, hupenda kuwaambia wageni kwamba mkewe aliolewa na mawingu zamani, yeye alialikwa harusini tu akasahau kuondoka.

Wingu linapita. Mwanga unateremka kilimani taratibu, unagusa kijito, unapanda ng'ambo ya pili. Bi Ngoja anabonyeza mara nne, basi. Ndani ya picha zake kuna kilima na kijito, lakini pia zimo nguzo mbili za umeme, tangi jeusi la maji, na kamba ya nguo yenye sare za shule zilizolala nje.

Miaka minne iliyopita, kabla jua halijakolea, nguzo, tangi na sare hizo vingekuwa vimekwisha kufutwa.

Bi Ngoja ana umri wa miaka arobaini na saba. Studio yake ni chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la dawa na kinyozi. Ndani kuna kiti cha kuzunguka, pazia jeupe la picha za pasipoti, kompyuta mpakato yenye kibodi iliyofutika herufi, na kioo kidogo chenye kitana kilichofungwa kwa uzi kisije kikaondoka na mteja.

Kazi aliirithi kwa baba yake, aliyekuwa akipiga picha enzi za filamu. Mzee huyo alikuwa na penseli nyembamba ya kufutia chunusi na makovu kwenye negativu. Alimfundisha binti yake kwamba mteja anastahili kupewa sura yake mwenyewe, ila ya siku aliyolala vizuri.

"Nilishika nusu ya maneno hayo," anasema Bi Ngoja. "Ile ya kulala vizuri niliishika sana. Ile ya sura yake mwenyewe ikaniponyoka."

Simu za mkononi zilipozagaa, wateja walipungua kutoka thelathini kwa siku hadi sita au saba. Ndipo akaanza kupanda vilima alfajiri, kupiga picha za mandhari na kuwauzia wachapishaji wa kalenda. Ziliuzika, na zilizouzika zaidi ni zile alizozisafisha.

Kusafisha, kwa lugha ya kazi yao, ni kuketi mbele ya kompyuta na kuondoa kila kinachochefua jicho. Alianza na mfuko wa plastiki ulionasa kwenye mti. Akaja kwenye nguzo za umeme. Baadaye akawa anachukua ukungu wa Jumatatu na kuutandaza juu ya bonde la Alhamisi, na nyasi zilizokauka anazinywesha kijani mpaka zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Kalenda moja ilikuwa na kurasa kumi na mbili za nchi isiyokaliwa na mtu hata mmoja.

Kati ya picha hizo, moja alijivunia kuliko zote. Ilikuwa ya bonde lenye kijito kinachojipinda, na juu yake mawe mawili makubwa yaliyoinamiana kama watu wanaonong'onezana. Chini ya mawe palikuwa na nyumba. Paa lake lilikuwa la mabati yenye kutu, isipokuwa mabati matatu mapya upande mmoja, yaliyorudisha jua moja kwa moja kwenye lenzi. Kila alipoitazama picha, jicho lake lilikimbilia mng'ao ule.

Aliifuta nyumba ile kwa dakika kumi na moja. Anakumbuka kwa sababu siku hiyo chai yake ilikuwa bado ya moto alipomaliza. Alinyofoa majani ya mteremko wa jirani akapandikiza pale, akaifuta na njia ya mguu iliyokuwa ikielekea mlangoni, maana njia isiyofika popote ingemsuta.

Picha iliingia kwenye kalenda. Kisha muuguzi mkuu wa wodi moja ya figo, ambaye wagonjwa wanamwita Sista, akaipenda. Aliomba ichapishwe kwenye turubai, upana wa mita moja na nusu, aitundike ukutani kwenye chumba cha mashine za kusafisha damu. Ukuta ule ulikuwa na doa la unyevu ambalo wagonjwa walikuwa wakilitazama saa nne nzima, mara tatu kwa wiki. Sista alitaka wapate kitu kingine cha kutazama.

Kitanda kilichoelekeana na picha kilikuwa cha fundi cherehani wa miaka sitini na mmoja, mwanamke mwenye maneno machache na vidole vilivyojaa alama za sindano za nguo, na mkono uliojaa za hospitali. Siku ya kwanza alipoinua macho aliyatambua mawe mawili palepale. Alizaliwa chini yake.

Aliyafuata kwa macho kama mtu anayerudi nyumbani kwa miguu. Akashuka kutoka kwenye mawe, akapita pale kijito kinapojipinda, akafika mahali pa nyumba ya wazazi wake. Akakuta majani.

Kwa wiki mbili hakumwambia mtu. Katika nyumba ile alikuwa amebaki mdogo wake wa kiume, na hawakuwa wamesemezana kwa miaka tisa. Mama yao alipougua, mdogo mtu alinyamaza kwa sababu mama mwenyewe alimkataza kumhangaisha dada. Dada alipopata habari, mama alikuwa amekwisha kuzikwa. Kitu hicho hakikumtoka moyoni.

Mwishowe alimpigia simu mdogo wake, akamuuliza amevunja lini nyumba ya baba, na kwa nini safari hii tena hakuambiwa. Mdogo wake alimjibu kwa mshangao kwamba nyumba ipo, na kwamba wakati huohuo ameketi mlangoni pake anachambua maharage. Dada akakata simu.

"Nilijua ananidanganya tena," anasema. "Yeye ana sababu ya kunidanganya. Picha ina sababu gani?"

Baada ya hapo aliacha kwenda hospitalini. Alikosa zamu ya kwanza, akakosa na ya pili. Kwa mtu ambaye figo zake zimelala, hilo si jambo la mchezo. Sista alimfuata hadi chumbani kwake, akamkuta miguu imevimba, pumzi inapanda na kushuka kwa shida, na hana hamu ya kubishana. Alisema tu kwamba alikuwa akijitibu ili siku moja apate nguvu za kurudi kwao, na sasa kwao hakupo; picha ya ukutani imemwonyesha majani matupu mahali pa nyumba yao.

Sista alitoka nje, akasimama uani, akapiga namba ya mpigapicha, aliyoihifadhi tangu siku ya kuagiza picha. Bi Ngoja alikuwa akihangaika kumpiga picha ya pasipoti mtoto mchanga asiyetaka kufumbua macho.

"Aliniuliza swali moja," anakumbuka. "'Ile picha yetu, kuna nyumba uliikuta pale?'"

Bi Ngoja hafichi kwamba uongo ulimjia haraka. Angeweza kusema kwamba nyumba haikuonekana kwa upande aliosimama, na hakuna ambaye angejua. Alimwambia Sista kwamba nyumba ipo, na kwamba aliifuta yeye. Akamrudishia mama wa mtoto pesa zake, akafunga studio, akatia kompyuta kwenye mfuko, akaenda alikoelekezwa na Sista.

Chumba cha fundi cherehani kilikuwa na kitanda, cherehani iliyofunikwa kanga, na gauni la mteja lililokatwa lakini halijashonwa, vipande vimepangwa juu ya meza. Bi Ngoja aliketi ukingoni mwa kitanda, akafungua picha kama kamera ilivyoipiga, na kumsogezea.

Mama wa watu aliitazama muda mrefu. Aligusa kioo cha kompyuta kwa kidole, pale penye paa.

"Kwa hiyo hukuikosa," alisema. "Uliiona, ukaitoa."

"Niliiona, mama. Nikaitoa."

"Ilikukosea nini?"

Bi Ngoja anasema hajawahi kuulizwa swali gumu kama hilo, na jibu lake lilimwaibisha hata kabla halijamtoka. "Ilikuwa inang'aa," alimwambia.

Sista, aliyekuwa amesimama mlangoni, anasimulia kwamba kilichofuata hakukitarajia. Mgonjwa alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha pumzi fupi, lakini kilikuwa kicheko. Kisha akageukia vipande vya gauni mezani.

"Mimi naficha matumbo ya watu mwaka wa thelathini huu," alisema. "Nakunja hapa, naachia pale, mteja anatoka amependeza. Lakini sijawahi kumshonea mtu gauni lisilo na tundu la mkono kwa sababu mkono wake sikuupenda."

Aliomba simu. Mdogo wake alipopokea, dada hakujua aanzie wapi, akaanzia kwenye bati. Alimuuliza yale mabati matatu mapya ni ya nini. Sauti ya upande wa pili ikaeleza kwamba chumba chake dada kilikuwa kikivuja, na yeye hakutaka siku akija akute kitanda kimeloa. Aliyabadilisha mwaka wa tatu wa ugomvi wao.

Sista akauliza, kwa sauti ya kikazi, kama mgonjwa wake atakuja mwenyewe au atumiwe gari. Mchana uleule alikuwa kitandani, mashine inazunguka.

Bi Ngoja alichapisha upya picha kwa gharama yake, nyumba ikiwa mahali pake na mng'ao wake wote. Mdogo mtu alisafiri kuja kumwona dada, na kabla ya salamu kwisha alisogea ukutani kukagua paa lake. Alilalamika kwamba bati la mwisho limekaa upande, na kwamba kwa macho hajawahi kuligundua.

Tangu siku hiyo Bi Ngoja amejiwekea mipaka, na anaieleza huku akihesabu kwa vidole. Picha iliyopigwa gizani anaiongezea mwanga, upeo ulioinama anaunyoosha, rangi ambayo kamera imeikosea anairudisha jinsi jicho lake lilivyoiona. Kilichokuwapo hakitoi, na ambacho hakikuwapo hakileti.

"Vumbi lililo kwenye lenzi ni langu, nalifuta," anasema. "Nguzo ya umeme ni ya watu."

Si kila mtu anakubaliana naye. Mpigapicha wa harusi mwenye studio mtaa wa pili anamwona amejifunga kamba mwenyewe. Hoja yake ni kwamba hata kuchagua pa kusimama ni kuhariri, na kwamba bibi harusi akifutiwa kipele hakuna anayelia. Bi Ngoja anakiri kwamba hilo la pa kusimama bado linamsumbua.

Mpaka huo pia ulimgharimu. Mchapishaji wa kalenda, baada ya kupokea picha zenye matangi na kamba za nguo, alimjibu kwa heshima kwamba wanunuzi wao wanataka kupumzisha macho. Hajachukua picha yake nyingine tena. Bi Ngoja amerudi kutegemea pasipoti, vitambulisho na mahafali.

Hata hivyo, ukimsikiliza huoni uchungu. Anamshukuru Sista kwa kuuliza badala ya kulaumu. Anamshukuru baba yake, ambaye siku hizi haoni vizuri lakini bado humwomba amsimulie kilichomo kwenye kila picha. Zaidi ya wote anamshukuru fundi cherehani, ambaye alimshonea koti lile la mvua analovaa kilimani, na akakataa malipo.

Fundi mwenyewe ana shukrani zake. Anasema asingefutiwa nyumba, asingempigia mdogo wake simu, na pengine angekufa na kinyongo chake. Bi Ngoja hulikataa neno hilo kila anapolisikia. "Huo ni moyo wake yeye," anasema. "Mimi siwezi kuugeuza kuwa kisingizio changu."

Sasa ana mpango. Chumba cha mashine kina vitanda kumi na viwili, na Sista amempa ruhusa ya kutundika picha moja ndogo mbele ya kila kitanda, ya mahali anakotoka mgonjwa mwenyewe. Mumewe ametengeneza fremu tano tayari, kwa mbao za maboksi ya redio. Anatarajia kumaliza zote kabla ya mwaka kwisha.

Kabla ya kupanda kilima chochote, hupita kitanda kwa kitanda na daftari, na kumuuliza kila mtu ni kitu gani kisikosekane. Alidhani watamtajia mito na machweo. Aliyekuwa mwalimu ametaka uwanja wa mpira usio na jani hata moja. Mama mmoja ametaka tangi la maji la jirani, kwa sababu ndilo alilokuwa akiliona kwanza kila akirudi safari.

Na dereva mstaafu, aliyelala kitanda cha mwisho karibu na mlango, amemwomba apige shimo lililo katikati ya barabara ya kwao, ambalo alilikwepa kwa miaka ishirini na sita. Alimsihi asije akalifukia.

Bi Ngoja aliliandika shimo daftarini, akamuuliza liko upande gani wa barabara, na jua la asubuhi hulifikia saa ngapi.