Ramani Ilimweka Uganda

Yule mama wa kazini aliyenifundisha kuuza dawa hakuhitaji kishikwambi. Kwa miaka mingi alizunguka kemisti za Malaba na Amagoro na mkoba wake na daftari, na kila duka alilotoka aliomba apigiwe muhuri kuonyesha kwamba alifika. Alijua daktari yupi amefiwa na yupi amegombana na mkewe, na aliketi nao kwanza kabla ya kutaja dawa yoyote. Mimi nilipewa Busia hadi Mundika, na kila mwezi nilikuwa mkiani kwa mauzo.

Kisha kampuni ikatuletea vishikwambi, mambo ya mihuri yakaisha. Ukifika dukani unabonyeza, mashine inaandika mahali ulipo, unamwonyesha daktari picha za dawa, naye anatia sahihi kwa kidole juu ya kioo. Wengine walipangusa kidole kwenye koti kwanza.

Wiki ya kwanza changu kiliandika kwamba niko Uganda, ilhali nilikuwa Busia, upande wetu, nikila chapati. Hapa mpakani simu huacha laini ya Kenya na kudaka mnara wa ng'ambo bila kumuuliza mtu, na kishikwambi husoma mahali kwa mnara huo. Kampuni yetu haikuwa na kibali cha kuuza Uganda, na kuvuka na sampuli kulikuwa kosa la kufutwa kazi. Nilihangaika nacho mpaka nikapata mahali pa kuchagua mtandao wa Kenya kwa mkono. Kazi ya dakika moja.

Sikumwambia mama. Nilijiambia nitamwonyesha tukikutana Jumatatu, na tukakutana Jumatatu nyingi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka kuwa nyuma yake, na nilifurahi kujua kitu asichokijua. Ilikuwa roho mbaya tu, sina haja ya kuipamba.

Mwezi wa tatu msimamizi wetu akanipigia simu kutoka Nairobi. Alisema ramani inaonyesha mama anashinda Uganda karibu kila siku. Mama alikuwa amejitetea, tena kwa ukali, kwamba hajawahi kuvuka na kwamba mtandao ndio unaovuka. Msimamizi alitaka kujua kama changu pia kinafanya hivyo.

"Changu hakionyeshi Uganda," nikasema.

Siku hiyo ilikuwa kweli, ndiyo maana ilinitoka kwa urahisi. Alishukuru, akakata. Ningeweza kumpigia tena nimweleze yote. Nilikaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa, kisha nikaenda kazini.

Barua ya kumwachisha kazi ilifika baada ya wiki mbili, nami nikaongezewa Malaba yake. Hakuna aliyemwomba anitembeze kwa wateja, alijitolea mwenyewe. Niliomba Mungu ambadilishe nia, lakini asubuhi nilimkuta Amagoro akinisubiri, amevaa viatu vyake vya kazi.

Tulienda duka hadi duka. Kila mahali alisema, "Daktari, huyu ni kijana yangu. Mumshike vizuri." Walipomuuliza sababu ya kuondoka, aliwaambia amechoka, anarudi kwao Moding kulima. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Kemisti ya mwisho ilikuwa Malaba, karibu na foleni ya malori. Nilibonyeza kishikwambi, naye akainama kutazama. Kikaandika Malaba, Kenya.

"Yako haikuangi na hiyo shida ya kuvuka?" akaniuliza.

Nilikuwa na nafasi nyingine pale, mchana kweupe, hakuna wa kunizuia. Nikamwambia hapana.

"Basi ni mimi sikujua kuishika," akasema polepole. "Na vile nilipigia boss kelele, nikalaumu network."

Alitoka nje, akampigia msimamizi. Nilimsikia kupitia mlango uliokuwa wazi akiomba msamaha kwa heshima zote, akisema kosa lilikuwa lake. Mimi nilikuwa nimemshikia daktari kioo, atie sahihi.