Nyumba Hii Hatulii

Wateja walimwita Bi Pini kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta kazini bila pini midomoni. Alizibana nne au tano kwa pamoja, akawa anazichomoa moja moja kila alipokunja pindo la sketi ya shule. Ukimuuliza sare ya mwanao itakuwa tayari lini, alikuonyesha vidole: viwili ni siku mbili, vitatu ni siku tatu, na ngumi maana yake uache kumsumbua. Jirani yake wa chumba cha pili, msusi mmoja mwenye domo lisilojua likizo, alikuwa akisema kwamba kuzungumza na Bi Pini ni sawasawa na kuzungumza na cherehani, tofauti ni kwamba cherehani angalau inalia.

Ushonaji na ukimya alivirithi mahali pamoja. Mama yake alikuwa mshonaji, bibi yake pia, na nyumba yao ilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: hatulii. Wengine walie, shauri yao. Na ili sheria isibaki maneno matupu, kulikuwa na kifungo. Kila mtoto wa kike wa nyumba hiyo, akikaribia miaka minne, alipewa kifungo kikubwa cha koti, cheusi, chenye matundu manne, akae nacho mfukoni. Ukianguka, ukichapwa, ukiungua na pasi, unakitia katikati ya meno na kukibana mpaka maumivu yapite. Kikidondoka, umeshindwa. Kisipodondoka, mama anakutazama kidogo kisha anasema, "Hodari."

Neno hilo halikutolewa ovyo. Bi Pini alilipata mara ya kwanza akiwa na miaka sita, siku sindano ya cherehani ilipopita kwenye ukucha wa kidole chake cha shahada na kutokeza upande wa pili. Mama yake aligeuza gurudumu kwa mkono, polepole, sindano ikapanda, akamwagia spiriti, akafunga kitambaa. Halafu akalisema. Mtoto yule alivimba kichwa wiki nzima. Kidole kilimuuma mwezi mzima, lakini kidole nani alikuwa na habari nacho?

Hakuna anayezaliwa na kifungo mdomoni. Inasemekana Bi Pini mwenyewe alipokuwa mchanga alikuwa na kilio cha kutoa watu nje ya nyumba. Wakamtengeneza. Na usidhani ni mama yake peke yake aliyefanya kazi hiyo. Shuleni alichapwa asitoe sauti, mwalimu akamsimamisha mbele ya darasa na kuwaambia wenzake, "Mnamwona huyu? Huyu ndiye mtoto." Mumewe alipomwacha na mimba ya miezi minne, juma lile lile alishona sare arobaini, na watu waliopita dukani wakatoka wakisema yule ni mwanamke wa shoka. Hakuna aliyemuuliza kama analala. Alisifiwa kila alipomeza machungu, naye akazidi kumeza, kama mtu yeyote anayesifiwa kwa jambo moja tu maisha yake yote.

Kwa hiyo alipompata binti, mtoto wake wa pekee, hakujiuliza mara mbili. Alimpa kifungo. Na binti akamzidi mama. Akiwa na miaka tisa alikaa siku tatu na jino lililooza, shavu limejaa usaha, bila kufungua mdomo, mpaka daktari wa meno alipouliza mtoto huyu ana mishipa ya fahamu kweli? Bi Pini alimsimulia kila mteja kisa hicho. Kukisimulia ilibidi atoe pini midomoni, na hilo halikuwa jambo dogo.

Binti akakua, akashika cherehani ya pili, akaolewa na dereva wa lori ambaye alikuwa safarini kuliko nyumbani. Uzazi wa kwanza ulikuwa rahisi, mtoto wa kike, na wakunga wakaja mpaka kwenye benchi ya nje ya wodi kumwambia Bi Pini kwamba hawajawahi kumwona mzazi mtulivu namna ile. Mtoto aligeuka kuwa mzungumzaji, anaropoka tangu anafumbua macho, msusi akambandika jina la Chiriku. Alipotimiza miaka minne, Bi Pini alimwita, akamtilia kifungo cha koti mfukoni, akambinya shavu.

Mwaka uliofuata ikaja mimba ya pili.

Walifika hospitali asubuhi, saa mbili na nusu. Dereva alikuwa njiani, siku mbili mbali. Chiriku aliachwa kwa msusi. Binti aliingia wodini kwa miguu yake, begi mkononi, na mlango wa bembea ukajifunga nyuma yake. Bi Pini akakaa kwenye benchi ya ukumbini na chupa yake ya chai.

Wodi ilikuwa imefurika. Kutoka kule ndani zilisikika sauti: mmoja anamwita mama yake, mwingine anamtukana mume, mwingine anapiga ukelele mmoja mrefu usio na neno. Bi Pini alitega sikio. Alikuwa anamtafuta wake katikati ya kelele zile, na kila alivyomkosa ndivyo alivyozidi kukaa wima. Benchi ile walikaa mama wanne wenye mabinti ndani. Wale watatu walikuwa wanapangusa machozi na kuomba. Bi Pini alijimiminia chai.

Saa nne mkunga mmoja alitoka, jasho linamtiririka.

"Wewe ndiye mama wa yule aliyevaa gauni la bluu?"

"Ndimi."

"Nikimuuliza anatikisa kichwa tu, kwamba hana tatizo. Ndivyo alivyo?"

"Ndivyo alivyo," alisema Bi Pini. "Huyo hasumbui. Wahudumie hao wenye makelele, mwanangu, wa kwangu anajiweza."

"Afadhali, maana leo tuko wawili tu," mkunga alisema, akarudi mbio.

Maneno hayo aliyasema kwa mdomo wake, mchana kweupe, wala hakulazimishwa na mtu. Baadaye alijaribu mara nyingi kukumbuka labda aliongeza kitu, labda alisema pia mumwangalie, lakini hakuongeza chochote. Alikunywa chai yake mpaka chini.

Saa saba na ushee watu walianza kukimbia. Kitanda chenye magurudumu kilipita ukumbini, na Bi Pini aliona gauni la bluu, na mkono ukining'inia pembeni. Hakuulizwa kitu. Hakuambiwa kitu. Alisimama katikati ya ukumbi mpaka mfagiaji akamshika kiwiko na kumrudisha kwenye benchi.

Jioni, kabla jua halijazama, yule mkunga alikuja. Alikaa, jambo ambalo wakunga hawalifanyi. Akaeleza kwamba mtoto alikuwa amekaa vibaya, mji wa mimba ukachanika, na kwamba mama amepona kwa kisu lakini hatazaa tena. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakupumua.

"Maumivu ya namna ile yalianza saa tatu," mkunga alisema. "Saa tatu, mama. Mtu mwingine angeita wodi nzima. Angelia mara moja tu, moja tu, ningemfunua nikaona. Sikuelewa kabisa, mpaka tulipomlaza mezani." Akafungua kiganja. "Hiki kilikuwa mdomoni. Nilidhani ni kidonge."

Kifungo kilikuwa na alama za meno pande zote mbili, na pembeni kilikuwa kimemeguka.

Bi Pini alikipokea. Akakifunga kwenye pindo la khanga yake.

Watu walikuja kutoa pole. Walikaa kwenye viti vya wateja, kati ya marobota ya vitambaa, wakamtazama binti aliyeinamisha kichwa na macho makavu, na kila aliyeaga alimshika Bi Pini mkono na kumnong'oneza, "Umemlea. Hata chozi!" Walisema kwa mema. Yeye alitamani kuwatupa nje mmoja mmoja pamoja na viatu vyao. Dereva alirudi, akalia kwa sauti siku ya kwanza, siku ya pili wanaume wenzake wakamwambia ajikaze, siku ya tano akarudi barabarani.

Baada ya majuma sita binti alirudi kwenye cherehani yake. Alishona marinda yaliyonyooka kama zamani, na hakutaja kitu. Alasiri moja Bi Pini aliweka mkasi chini.

"Mwanangu. Lia."

Binti alikuwa anakata uzi kwa meno. "Nalia nini, mama?"

"Mtoto wako."

Binti alifikiri kwa unyoofu kabisa, kama mtu aliyeulizwa ameweka wapi funguo. "Najaribu," alisema. "Usiku najaribu. Sijui inaanzia wapi."

Akakanyaga cherehani. Bi Pini alitoka nje, akasimama ukutani kwa msusi, na pale, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaomba ushauri wa mtu.

"Nimemharibu mwanangu," alisema. "Huyu mdogo nifanyeje?"

Msusi alikuwa na mteja nusu kichwa. Aliacha. "Niletee mimi," alisema, akijaribu mzaha huku machozi yanamlengalenga. "Kwangu hapa mtoto anajua kulia kwa siku moja. Mimi hata kitunguu kikiwa sokoni nalia."

Lakini alichoamua Bi Pini hakikuwa mzaha. Binti amemponyoka, sawa. Chiriku hatamponyoka. Jioni ile ile alikitoa kile kifungo cheusi kwenye mfuko wa mtoto na kukitumbukiza chooni. Kesho yake akamkuta na kingine, cha kahawia. Akakitoa. Kesho kutwa, cha bluu. Alikuwa amesahau jambo ambalo hata kipofu angeliona: nyumba ya mshonaji ina makopo manne ya vifungo. Akayapandisha makopo juu ya kabati, akafagia sakafu kila jioni, akapanga na maneno ya kusema. Siku mtoto akiumia, atamwambia hivi na hivi. Aliyarudia kichwani huku akibana mapindo, majuma mawili, mpaka akayajua kama anavyojua vipimo vya sketi.

Ikawa Jumamosi asubuhi. Binti yuko kwenye cherehani, Bi Pini anapima kola, Chiriku anacheza duka chini ya meza ya kupigia pasi, anawauzia vitambaa wateja ambao hawapo na kuwagombeza. Akainuka kwa haraka. Mkono wake ukagusa pasi.

Harufu ilifika kabla ya kitu kingine. Bi Pini alitema pini zote sakafuni, akamnyakua, akatia mkono ule kwenye ndoo ya maji.

"Lia," alisema. "Lia mjukuu wangu, lia sana, bibi yupo hapa. Piga kelele!"

Macho ya Chiriku yalijaa mpaka ukingoni. Midomo ilimtetemeka. Alimtazama bibi, akamtazama mama yake aliyekuwa ameinua mguu kwenye kanyagio na kutulia tuli, kitambaa mkononi, akingoja. Kisha mtoto akaupeleka mkono usioungua kwenye kola ya gauni lake mwenyewe, akaivuta mdomoni, akakiuma kifungo kilichoshonwa pale. Kilikuwa kimeshonwa na Bi Pini.

Alikibana. Uso ulimwiva, mishipa ya shingo ikasimama, na chozi halikudondoka. Maji ya ndoo yalicheza kidogo, yakatulia.

Baada ya muda akaachia kola, imelowa mate.

"Sijalia, bibi," alisema.

Akangoja. Alijua kinachofuata.

Bi Pini alikuwa nayo maneno yote. Kwamba ni heri kulia mpaka majirani waje. Kwamba ndugu yake yule mdogo angekuwa hapa leo ananyonya. Kwamba bibi alikosea, na bibi wa bibi alikosea. Alifungua mdomo, mdomo ambao haukuwa na pini hata moja, na lililotoka lilikuwa lile lile alilopewa yeye.

"Hodari," alisema.

Chiriku akatabasamu uso mzima. Nyuma yao, cherehani ikaanza tena.