Kadi ya Tangi la Saba

Wewe ungeweza kumrudisha baharini kiumbe pekee anayekutambua? Usijibu haraka.

Einar Solvang ana miaka sabini na mitatu. Alivua kaa hapa pwani ya Alaska hadi magoti yakakataa, kisha akaja kulisha samaki kwenye jumba letu dogo la maonyesho. Tuna matangi kumi na mawili: kumi ya maji ya chumvi, mawili ya samaki wa mtoni. Mkewe alifariki Februari. Tangu hapo Einar hula mkate wake wa mchana amesimama mbele ya tangi la saba. Humo yumo mkunga, samaki mrefu kama nyoka, mwenye uso uliokunjamana, ambaye amempa jina la Dagny. Einar akigonga kioo mara mbili, Dagny hutoka pangoni na kula ngisi mkononi mwake.

Kwetu hakuna mnyama anayekaa mwaka wa pili. Kila Oktoba tunawarudisha wote, kila mmoja kwenye mwamba au mto alikotolewa, na mahali hapo pameandikwa kwenye kadi iliyobandikwa juu ya tangi. Asiye na kadi hubaki, maana hatujui kwao ni wapi.

Ijumaa, siku moja kabla ya kuwarudisha, kadi ya Dagny haikuwapo.

"Imeliwa na panya," Einar alisema.

"Panya gani huyo anachagua kadi moja, mzee?"

"Panya msomi. Ana digrii kama wewe."

Sikucheka. "Anaishi kwenye sanduku la kioo! Ana haki ya kurudi kwao."

"Haki." Alifuta mikono kwenye aproni, taratibu. "Wewe una mama wa kumpigia simu kila Jumapili, bwana mdogo. Mimi nikibisha kwangu, nani anafungua?"

Niliona ncha ya kadi ikichungulia mfukoni mwake, naye akaona nimeiona. Nikaondoka. Sikumsemea kwa mtu.

Asubuhi iliyofuata, saa moja, nilimkuta gatini kabla ya wenzetu kufika. Kadi ilikuwa kifuani pake, imebanwa na pini. Dagny alikuwa ndani ya pipa.

"Usisimame kama mlingoti. Shika upande huo."

Tulilitia pipa mashuani, tukapiga makasia hadi kwenye mwamba ulioandikwa kwenye kadi. Einar akampa ngisi wa mwisho, akainamisha pipa. Dagny akateleza, akapotelea kwenye mwani.

Einar akagonga ubavu wa mashua, mara mbili. Akasubiri. Akagonga tena.