Misumari Mitano ya Njoo Kesho

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Njoo Kesho. Jina alipewa na muuza mkaa wa jirani, ambaye aliifuata suruali yake mara nyingi mpaka akasema soli za viatu zimekwisha kabla suruali haijapata zipu.

Si mvivu. Hilo ndilo lililokuwa likinisumbua tangu nilipohamia kwake. Mtu anakaa kwenye cherehani asubuhi mpaka mgongo umkatae, sasa kwa nini wateja wanaondoka wamenuna? Nikawa namtazama. Nikagundua kwamba kwake kazi ya kwanza ni ya yule aliyesimama mlangoni. Ukisimama, anakushonea. Ukiondoka, nguo yako nayo imeondoka kichwani mwake.

Alijaribu njia nyingi za kujipanga. Aliandika kwa chaki kwenye meza ya cherehani, kiwiko kikafuta. Alifunga mafundo kwenye utepe, akabaki anayashika moja moja akijiuliza hili ni la gauni au la shuka. Mjomba, mume wake, akamwekea simu imlilie. Ilipolia aliizima na kuiambia, "Nimesikia."

Njia ya misumari ilitokana na bibi mmoja aliyeleta sketi na kusema ataifuata mtondogoo. Shangazi akahesabu kwa vidole ajue ndiyo lini: leo, kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo. Vidole vikaisha hapo hapo. Akautazama mkono wake kama ni mara ya kwanza kuuona. Jioni ile akapiga misumari mitano ukutani, na mimi nikaandika majina ya siku hizo tano kwenye vibao vya boksi, tukavitundika kwa uzi juu ya misumari.

Utaratibu ni huu. Ukileta kazi, anakata kipande kidogo cha kitambaa chako na kukichoma kwa pini kwenye msumari wa siku mliyokubaliana. Kila asubuhi anavisogeza vipande vyote msumari mmoja, vya kesho vinaingia leo. Kisichoisha leo kinabaki leo, hakirudi nyuma. Siku za mwanzo nilimwona mara mbili akichungulia huku na huku, akakirudisha kipande kwenye Kesho kama anayeiba nyama jikoni. Halafu akaacha. Akajikataza hata kutazama misumari mingine zaidi ya ule wa Leo. "Kichwa nimekipa likizo," alisema. "Ukuta ndio utakaonikumbusha."

Ndipo Matroni wa zahanati alipokuja na kitambaa cheupe. Alikuwa anatafuta fundi wa kuwashonea wauguzi wote sare, ila kwanza alitaka moja, yake mwenyewe, aone.

"Si urembo ninaotaka," alisema. "Mafundi wa urembo wapo. Nataka siku niliyoambiwa iwe ndiyo siku yenyewe. Nikikosa, naenda kwingine."

Shangazi akamwonyesha ukuta. Matroni akasoma vibao, akacheka. "Basi mtondo, saa nne."

Kazi hiyo Shangazi aliitaka sana. Kushona sare za wauguzi wote maana yake hata muuza mkaa angelazimika kumtafutia jina jingine. Gauni akalikata mapema, akalishikiza kwa pini, akasema kushona kwenyewe kuna siku yake.

Mjomba ni mlinzi wa usiku. Hurudi alfajiri sisi tumelala. Asubuhi moja mimi nilikwenda kuchota maji, na niliporudi nilimkuta Shangazi keshakaa, anamalizia suruali mpya ya muuza mkaa. Akanituma nikamwite.

Muuza mkaa alikuja anafuta mikono. "Fundi, nimeitwa. Kuna msiba?"

"Suruali yako tayari."

Akaipokea, akapandisha zipu, akaishusha. "Hii si uliniambia kesho?"

"Nilikuambia leo."

"Uliniambia kesho, na mimi nikajua ni mwezi ujao. Wewe kuwahi? Dada yangu, unaumwa?"

Shangazi alicheka kidogo, halafu akaacha. Sindano ikasimama. Nadhani aliwaza ninachowaza mimi hata leo, kwamba Njoo Kesho anaweza kuchelewa kwa sababu elfu, lakini kuwahi hawezi bila kuwa na kosa mahali. Akageuka ukutani. Kipande cheupe cha Matroni kilikuwa kimetulia chini ya Mtondogoo.

"Mume wangu," aliita polepole. "Umegusa ukuta?"

Sauti ya usingizi ikatoka chumbani. "Nimekusaidia. Nimesogeza vibao. Ni rahisi kuliko kuchomoachomoa pini."

"Na mimi nimesogeza vitambaa."

Mjomba akasema, "Lo."

Kila mmoja alikuwa amefanya sawa, tabu ni kwamba walifanya wote wawili. Shangazi alikileta kipande cheupe kwenye msumari wa kwanza, ambapo Leo hukaa siku zote. Lakini kibao cha Leo kilikuwa kimeshahamia msumari wa pili, kilipo kipande cha suruali, na Mtondogoo, kwa kukosa pa kwenda mbele, kikarudishwa mwanzo. Kazi ya leo ikawa inaning'inia chini ya siku ya mbali kuliko zote.

Matroni akabisha hodi.

Visingizio vya Shangazi nilivijua vyote: sindano imevunjika, uzi wa rangi hiyo umeadimika, kuna mgonjwa nyumbani. Muuza mkaa naye alivijua, akaegemea mlango asikose.

"Njoo..." Shangazi alianza, kisha akalimeza neno. "Njoo ndani. Halijaisha."

Akamweleza jinsi vibao vilivyokwenda huku na vitambaa vikaenda kule. Matroni akausogelea ukuta, akavigusa vibao kimoja kimoja. "Sasa kwa nini hukuvipigilia?"

"Havikuwa na tabia ya kutembea."

"Na gauni?"

"Limekatwa. Ukikaa hapo utaondoka nalo."

Matroni akaitazama saa yake, akakaa. Cherehani ikaanza kukimbia. Katikati ya kazi akaja mama mmoja na mfuko uliokatika mkanda, akasimama pale pale mlangoni, mahali palipomshinda Shangazi miaka yote. "Fundi, ni mshono mmoja tu, nakusubiri."

Shangazi hakuinua kichwa. "Mtondo, mama."

"Mtondo ndiyo lini?"

"Lete vidole," alisema muuza mkaa, akamhesabia kama mwalimu.

Gauni lilipokwisha Matroni alilivaa, akanyoosha mikono juu kama anayetundika dripu, akainama, akainuka. Mabega yalikaa.

"Umechelewa," alisema.

"Ndiyo, nimechelewa."

"Wa zamu ya usiku waje kwanza kupimwa. Wa mchana ngoja nione wa usiku wamevaa nini, na wamevaa lini."

Mjomba akatokea, amejifunga shuka kiunoni, mkononi ana nyundo, na bila kumsalimu mtu akauweka msumari mdogo juu ya kibao cha Leo.

"Shemeji, ngoja," muuza mkaa akamshika mkono. "Virudishe mahali pake kwanza. Ukipigilia hivyo, leo ya nyumba hii itabaki kesho mpaka tuzeeke."

Wakavirudisha, Mjomba akapigilia. Shangazi alisubiri nyundo inyamaze, ndipo akachukua kipande cheupe kilichobaki na pini.

"Hao wa usiku waje lini?"

Matroni hakutaja siku. Alinyoosha kidole kwenye kibao cha Keshokutwa, na Shangazi akachoma pini.