Breki za Magurudumu Matatu

Siku yangu ya kwanza kazini, hapo Kitengela mwanzoni mwa miaka ya tisini, sikushika hata spana. Msimamizi wa gereji, Mkamba mwenzangu mwenye maneno makali, aliniweka mbele ya gari kuukuu lililokuwa likichemsha, akanikataza kulifungua. "Kwanza iulize," alisema. Unatazama kama rejeta inavuja, unabonyeza mkanda wa feni kuona kama umelegea, kisha unachomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye injini, gasketi inayotenga maji na oili imeungua. Mimi nilikisia pampu ya maji. Alinicheka mbele ya wateja, nami nikamchukia wiki nzima, ingawa kila ninachojua kuhusu kazi hii kilianzia kwake.

Baada ya miaka kadhaa nilihamia Kajiado mjini. Huko mkubwa wetu tulimwita Fundi Mkuu, mtu wa haraka asiyependa kuona gari likilala uwanjani. Vipuri vya magari ya zamani vilitoka Nairobi, vingine havikutoka kabisa, kwa hiyo tulikuwa na mbinu zetu. Moja ya mbinu hizo ndiyo inayonifanya niandike.

Kila gurudumu lina silinda ndogo inayosukuma breki kwa nguvu ya mafuta ya breki. Kipira cha ndani kikiisha, mafuta huvuja na pedali huzama hadi sakafuni. Dawa ni kipira kipya. Tulipokikosa, tulikata bomba jembamba linalopeleka mafuta kwenye gurudumu hilo, tukakunja ncha yake na kuigonga kwa nyundo mpaka ikaziba. Gari lilibaki na breki za magurudumu matatu. Ubaya ni kwamba pedali ilirudi kuwa ngumu, na dereva akaamini gari limepona.

Asubuhi moja Abdi, mfanyabiashara wa mbuzi, alileta pikapu yake akiwa na mdogo wake Hassan. Walikuwa wanaenda mnadani Ewuaso Kedong kwa kupitia Ngong, na anayeijua barabara hiyo anajua inavyoteremka. Silinda ya nyuma kushoto ilikuwa imekwisha.

"Kunja paipu, hii gari iende," Fundi Mkuu aliniambia.

"Na ile mteremko?"

"Wewe ni fundi ama ni pastor? Mwambie arudi Jumatatu."

Nikakunja. Abdi alikanyaga pedali, uso ukamng'aa. "Wallahi fundi, hii mkono yako iko na baraka!" Sifa zile zilinilevya. Nilimwambia arudi Jumatatu, lakini sababu sikumwambia. Siwezi kumtupia Fundi Mkuu kosa hilo. Mdomo ulikuwa wangu.

Breki zilizobaki zilipata moto mteremkoni zikaacha kushika, na pikapu ikapinduka kwenye kona. Abdi alivunjika mguu. Hassan alikufa papo hapo.

Miezi miwili baadaye Abdi alikuja gereji kwa magongo. Nilidhani amekuja kunishtaki, kumbe alikuja kunisalimia. "Usijisumbue, fundi. Breki ulitengeneza sawa. Ni siku yake ilifika." Nikaitikia kwa kichwa. Nimefanya mambo mengi ya aibu maishani, lakini hakuna linaloshinda lile.

Sikukunja bomba tena. Fundi Mkuu alinifukuza kwa ukaidi huo, nikafungua kibanda changu Kitengela, na wateja wengi niliwarudisha nyumbani kwa miguu wakinitukana. Nyinyi mafundi vijana mna mashine za kusoma magari, na nawaonea wivu. Lakini mashine haitamwambia mteja kile ulichomfichia.

Mgongo uliponilazimisha kustaafu, nilikaa nyumbani mwezi mmoja nikashindwa. Nikapanda gari hadi Kajiado, kwenye duka la nguo ambalo Abdi alifungua alipoacha biashara ya mbuzi. Nilimweleza yote, bomba, nyundo na kunyamaza kwangu.

Hakupaza sauti. Alikunja kitambaa alichokuwa akipima, akakiweka kando.

"Mama yetu bado yuko hai," alisema. "Miaka hii yote nimemwambia ni Mungu alimchukua Hassan. Mimi sitaenda kumwambia kingine." Akainua pazia lililotenga duka na nyumba. "Yuko hapa ndani. Ingia."

Nikavua viatu, nikaingia.